Mstari Uliopinda

Mjukuu wangu alipoinua kichwa, mstari wake wa mpunga ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa.

Ilikuwa siku yake ya kwanza katika shamba la wakwe zake. Mimi mgeni nilikaa kwenye tuta, miguu ndani ya maji ya uvuguvugu, nikitazama mashamba yakishuka ngazi kwa ngazi hadi chini bondeni. Wifi zake walikuwa wanapanda mpunga kwenye ngazi ya juu yetu.

"Bibi, nimeharibu," alininong'oneza. "Watanicheka mpaka nizeeke."

"Wewe umekulia kwenye cherehani, si shambani," nikamwambia. "Tope utalizoea."

Lakini nilijua. Mstari uliopinda hung'olewa, ukapandwa upya watu wakiona.

Mama mkwe wake akaja na fungu la miche. Aliutazama mstari, kisha akautazama uso wa mjukuu wangu, ambaye alikuwa karibu kulia.

Hakung'oa hata mche mmoja. Aliinama pembeni yake akaanza mstari wa pili. Vidole vile, vilivyopanda miaka arobaini bila kamba ya kunyooshea mstari, vilifuata kila kombo. Mstari wa mjukuu wangu ulipoingia ndani, naye akaingia. Ulipotoka nje, naye akatoka.

Wifi mmoja akachungulia kutoka juu. "Mama! Leo mnapanda mpunga au mnachora nyoka?"

"Ni mgongo wangu huu unaonipindisha, mwanangu," akajibu bila kuinua kichwa. "Hebu shuka, ufuate hapa nilipopita."