Uniti za Kuoga kwa Bibi

Mwanawe Bibi alikuwa ameshashika bisibisi aing'oe hita ya bafuni.

"Mama, hili dude ndilo linalotumaliza umeme. Kuliwasha mara moja tu, uniti tano!"

"Mbili," mjukuu alidakia. "Nimepiga hesabu ya ujazo wa tangi na ubaridi wa maji ya bomba. Nikikosea, baba, ing'oe."

Bibi akaguna. Magoti yake na maji baridi ni paka na panya. "Ewe mtoto, umeweka rehani magoti yangu?"

"Niamini, bibi."

Wakazima kila kitu, hata friji, ikabaki hita peke yake. Wakasoma uniti zilizopo, kisha wakaikodolea macho mita, kitaa chake chekundu kikikonyeza.

"Kitendawili," Bibi alinong'ona. "Anakula ukutani, hatafuni wala hashibi."

"Mita! Nyamaza kwanza, Mama."

Hita ikajizima yenyewe, tak! Maji yamepata moto. Mwanawe akasoma mita, akakifuta kioo kwa kidole gumba, akasoma tena.

"Mbili," alisema polepole.

Bibi alikuwa akimtazama mjukuu tu, kidevu juu, kama aliyemzaa yeye mwenyewe.

"Weka chini bisibisi, mwanangu," alisema. "Niletee taulo."