Swala wa Kwenye Mtutu

Fundi Shebughe hakuwahi kuuza bunduki ya upepo bila kuifungua kwanza mbele ya mnunuzi, ajionee chuma kwa macho yake. Bi Zamzam, mfuga kuku aliyechoshwa na kunguru, akavuta kiti.

Fundi akalegeza skrubu ya mwisho. Kifyatulio kilikuwa cha plastiki. Alipokibonyeza kwa kidole gumba, kikakatika kama biskuti.

"Fundi, si uliniambia ni kama ile ya marehemu baba?"

"Nilikuambia, mama." Akapapasa nembo ya kiwanda, swala, iliyopigwa kwenye mtutu. "Miaka ishirini nawaapia watu kwa mnyama huyu."

Akatoka nje, bisibisi mkononi, akasimama chini ya kibao cha duka, akitazama skrubu zake. Swala wa pale juu, Fundi alikuwa amemchora kwa mkono wake mwenyewe.