Salamu za Perpetua

Ilikuwa tarehe kumi na mbili Machi, asubuhi ya manyunyu. Tume ya kukusanya maoni ya katiba ilikaa katika ukumbi wa shule, na wajane wa mtaa wakaingia wamevaa kanga za sare. Walikuwa wamemchagua Perpetua awasemee neno moja tu: katiba mpya imlinde mjane asifukuzwe nyumbani na ndugu wa marehemu. Mwanakheri, aliyekaa nyuma yake, alikuwa ameshaambiwa na shemeji zake afungashe.

Kila msemaji alipewa dakika tatu. Perpetua alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alimsalimu mwenyekiti, makamishna, mkuu wa wilaya, diwani, padri na shehe, kisha akamshukuru Mungu kwa mvua. Alipotaka kuingia kwenye la wajane, kengele ikalia.

"Ahsante, mama. Maoni yako tumeyapokea," alisema karani. "Anayefuata!"

Perpetua alirudi kwenye benchi bila kuinua macho.

"Umewasalimu wote, shoga," Mwanakheri alimnong'oneza. "Umembakisha dereva wao tu."

Mjane mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Perpetua alijaribu kusali, asipate hata la kumwambia Mungu. Ndipo akasimama, akawageukia wenzake, akasema kwa sauti iliyomfanya mwenyekiti ainue kichwa:

"Kesho tume inakaa ng'ambo ya mto. Nitakwenda, hata kwa miguu. Sitamsalimu mtu. Nitaanza na nyumba ya Mwanakheri."