Chai ya Bi Mwanasiti

Siku hizi arosto, yale mateso ya kukosa unga wa kulevya, haiondolewi kwa mtumiaji ikapotea tu. Serikali humhamishia aliyemuuzia, naye anatumikia kifungo nyumbani kwa mteja wake. Ndiyo maana Nassoro alikuwa sebuleni anakula chapati, mzima kabisa, na Shebe, aliyemuuzia, alikuwa chumba cha uani anatapika na kutetemeka.

Dawa ya kumtuliza alikuwa nayo Bi Mwanasiti, mama yake Nassoro, ameifunga kwenye pindo la kanga. Saa ya kumpa, serikali ilimwachia achague mwenyewe.

"Mama, nakufa," Shebe alilia. "Nipe japo kidogo."

"Mwanangu alikulilia hivyo hivyo mlangoni kwako, ukamcheka. Subiri ninywe chai kwanza."

Nassoro aliisukuma sahani. Kilio kile alikijua, kilikuwa chake.

"Mama, mpe basi. Yatosha."

"Nitampa, baba. Chai ichemke tu."

Akavuta kigoda, akakaa karibu na mlango wa Shebe, akafumba macho kama anasikiliza taarabu.

Nassoro alikwenda jikoni kuitazama hiyo chai. Maji yalikuwa baridi, na jiko halikuwa limewashwa.