Ufa wa Tairodi

Asubuhi hiyo Profesa Mwajabu alikuwa anasugua kipande cha tairodi kwa spiriti, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto uso. Ilikuwa fimbo ya usukani ya basi dogo lililoacha barabara ya Mpwapwa na kuua wanawake waliokuwa wanauza zabibu pembeni. Dereva, Ikram, yuko nje kwa dhamana. Yeye anasema tairodi ilikatika kwanza. Abiria wanasema alikuwa anakimbizana na basi jingine.

Kama chuma kina ufa wa zamani, Ikram amepona. Kama hakina, ni jela.

"Prof, hiki mwachie mwenzako Cornel," alisema Elieth, fundi wa maabara.

"Cornel ataogopa kuandika ukweli."

"Ndiyo maana nasema umwachie."

Mwajabu akaweka kipande chini ya darubini. Maabara hiyo aliianzisha yeye, enzi hizo wanaume chuoni wanamcheka, mwanamke na vyuma wapi na wapi. Tangu hapo hajawahi kuandika kitu ambacho macho yake hayakukiona. Akainamia darubini.

Ufa wa zamani huacha weusi na kutu. Hapa pameng'aa pote, pamepinda, pamekatika kwa mkupuo. Akageuza kipande. Akasugua tena.

"Hapo umeshaangalia, Prof."

"Najua."

Alipotoka nje alimkuta Salma, mke wa Ikram, amekaa kwenye ngazi na mtoto mgongoni.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Watu wote wanasema wewe ukishika chuma kinakuambia kilichokipata. Hiki kiseme neno moja tu la kutusaidia. Nani atajua?"

"Kimeshasema, Salma."

Salma akakaza kanga ya mtoto mgongoni. "Haya. Huyu akianza kuuliza baba yuko wapi, utakuja wewe kumjibu."

Mtoto akamnyooshea Mwajabu mikono. Mwajabu akaficha yake nyuma. Ilikuwa inanuka spiriti.

Akarudi ndani, akasaini ripoti, akampa Elieth aipeleke polisi. Kisha akajifungia ofisini, akatoa simu na kumwandikia Ikram:

"Nimeutafuta huo ufa mpaka macho yanauma. Haupo. Nisamehe mimi niliyekuzaa."

Tiki zikageuka bluu. Akakaa na simu mkononi mpaka mwanga wa kioo ukazima wenyewe.