Mlango Unaokujulia Hali

Kila asubuhi mlango wa wodi hukuuliza, "Habari yako?" Ukijibu "nzuri" na sauti ikakusaliti, haufunguki. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa nne, na mlango huo umenikatalia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili narudia mwaka. Silali, chakula hakipiti, halafu mlango unataka niwe mzima.

Leo nafanya mazoezi jikoni, simu ikinipima kama mlango. Nyekundu. Nyekundu tena. Nikaibamiza mezani.

Mama aliyekuwa anachambua mchele akaiinamia. "Nzuri tu," akasema.

Ikawaka kijani.

"Umefanyaje, Mama?"

"Mazoea, Tatu. Tangu baba yako afariki nawajibu watu hivyo, na hakuna aliyewahi kuniuliza mara ya pili. Haya, sema tena."