Tarafa ya Tano

Mwanasiti aliketi mbele ya afisa wa uraia kwa mara ya tatu. Akishindwa leo, angeandikwa mgeni katika mji aliozaliwa, na watu wa foleni nyuma yake walikuwa wakisikiliza kila neno.

"Swali la mwisho, bibi. Wilaya hii ina tarafa ngapi?"

"Tano."

Afisa alitazama kijitabu chake cha majibu. "Nne. Umekosa."

"Mwanangu, hizo nne ni za zamani. Ya tano iko ng'ambo ya mto. Nimezalisha wanawake huko miaka thelathini. Kivuko kikiharibika nilivuka kwa miguu, maji yakinifika kifuani. Au nilikuwa navuka hewa?"

Foleni ilicheka. Afisa alipiga simu makao makuu kwa hasira, akasikiliza, akasema "Ndiyo, mkuu" mara tatu, kisha akachukua kalamu na kuisahihisha nne iwe tano.

Alisogeza kibweta cha wino, akashika kidole gumba cha Mwanasiti na kukikandamiza kwenye fomu. Kisha cha shahada, kisha vingine, hadi vyote kumi. Mwanasiti alishusha pumzi ndefu. Alivitazama vidole vyake vyeusi kama mkunga anavyomtazama mtoto aliyekawia kulia lakini mwishowe akalia.

"Lakini umenidhalilisha mbele ya watu, bibi," afisa alinong'ona. "Niombe radhi basi, yaishe."

Mwanasiti alivitandaza vidole hewani vikauke.

"Siombi," alisema.